Dredi kwa Nywele Fupi: Usafi na Subira Hushinda Haraka

Tarafa ya Rugerero, wilayani Rubavu, i jirani na mji wa Gisenyi na si mbali na mpaka wa Goma. Wachuuzi na mafundi huvuka mpaka huo kila siku, na pamoja na vitenge, mboga na lugha ya Kiswahili, mitindo ya nywele nayo huvuka. Miongoni mwa mitindo inayopendwa na vijana, wa kike kwa wa kiume, ni ule wa kusokota nywele zikafungamana zenyewe, ambao wengi huuita dredi na wengine huuita rasta.

Wengi wanaoutamani mtindo huu huanza na nywele fupi. Shule nyingi nchini Rwanda huwataka wanafunzi wanyoe, wavulana na wasichana pia; kwa hiyo kijana amalizapo masomo huwa hana nywele za kushikika. Hapo ndipo haraka inapoingia. Hutaka apate leo kile ambacho wenziwe wamekifuga miaka mitatu. Nywele changa huvutwa kwa nguvu, hufungwa nywele za bandia zilizo nzito, na baada ya muda kijana huanza kupata upara kwenye paji la uso. Hasara ya namna hiyo aghalabu hairudishiki. Kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe hatua kwa hatua.

SI JAMBO LA JANA

Wazee wengine husema kwamba kufuga nywele ni uhuni ulioletwa na kaseti za muziki. Historia haikubaliani nao. Hapa Rwanda, tangu zamani, nywele zilikuwa lugha. Mtindo wa amasunzu, ambao nywele hukatwa zikaachwa matuta yaliyopindana kama mwezi mchanga, ulivaliwa na wanaume na pia na wasichana ambao hawajaolewa. Mwanamke aliyekwisha kuzaa alivaa urugori, utepe wa bua la mtama, kichwani. Mtu alipotazamwa kichwa alijulikana ni nani.

Nchini Kenya, wapiganaji wa Mau Mau waliokaa msituni miaka ya 1950 walifuga nywele zikafungamana. Dedan Kimathi alipokamatwa mwezi wa Oktoba 1956, picha zake zilimwonyesha akiwa na nywele hizo. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepata cheo cha Field Marshal katika vita hivyo, alizihifadhi zake kwa miongo mingi, hadi zilipokatwa hadharani mwaka 2022 na Mama Ngina Kenyatta.

Warasta wenyewe walianzia Jamaika baada ya Ras Tafari kutawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie wa Uhabeshi mwaka 1930. Hata hivyo, neno lao Nyabinghi lina asili katika nchi zetu hizi. Nyabingi ni jina la pepo aliyeheshimiwa kaskazini mwa Rwanda na kusini-magharibi mwa Uganda, na kwa jina hilo Muhumuza aliwaongoza watu kuwapinga wakoloni hadi alipokamatwa na Waingereza mwaka 1911. Basi anayewaona vijana wenye dredi kama watu wa nchi ya mbali, na atazame nyuma kidogo.

NYWELE ZA UREFU GANI?

Nywele za kipilipili, zilizojikunja tangu mizizini, hufungamana kwa wepesi. Urefu wa sentimeta mbili na nusu, yaani kama pingili moja ya kidole, watosha kwa kuanza. Wenye nywele laini zaidi yawapasa wangoje zifike sentimeta tano au zaidi. Nywele hukua kwa wastani wa sentimeta moja hivi kwa mwezi. Aliyenyoa kabisa na angoje miezi mitatu kabla ya kwenda kwa msusi.

Njia zifaazo nywele fupi ni tatu. Ya kwanza ni kusokota kwa kitana chenye meno membamba. Nywele zikiwa na unyevu, hugawanywa vifungu vya mraba wa sentimeta moja hivi. Kitana huingizwa karibu na shina na kuzungushwa kuelekea upande mmoja mpaka ncha. Upande uliochaguliwa usibadilishwe, kwani kila kusokota kwa upande wa pili hufumua kazi ya kwanza. Ya pili ni kusokota nyuzi mbili mbili, inayofaa nywele zilizozidi sentimeta tano. Ya tatu ni kusugua kichwa kwa sifongo yenye matundu, kwa mwendo wa duara, dakika tano hadi kumi kila siku. Njia hii haina gharama kubwa, ila vifungu vyake havilingani ukubwa.

Vifungu vidogo mno huzaa dredi nyembamba ambazo huweza kukatika kadiri zinavyorefuka. Vikubwa mno huchelewa kukauka. Ukubwa wa penseli ni wa kati na kati.

Kabla ya kuanza, nywele zioshwe kwa shampuu zikatakate, wala zisipakwe mafuta ya kulainisha, kwa kuwa nywele zinazoteleza hazishikani. Utomvu wa shubiri kidogo, au maji tu, hutosha kuzishika. Nta, asali na mafuta mazito ya mgando yaepukwe. Hivyo hunasa vumbi ndani ya msokoto, na kuvitoa baadaye ni kazi ngumu kuliko kuvitia.

UCHAFU HAUFUNGAMANISHI NYWELE

Liko kosa moja kubwa ambalo watu hulirudia: kudhani kwamba dredi hufanyika kwa kutokuosha. La hasha! Kwa kawaida kila mtu hupoteza nywele hamsini hadi mia moja kwa siku. Kwa mwenye nywele za kuchana, hizo hutoka na kitana. Kwa mwenye dredi, hubaki ndani ya msokoto, zikajifunga na zile zilizo hai. Nywele safi hujifunga upesi. Zenye mafuta huteleza.

Wiki mbili au tatu za mwanzo msokoto uachwe utulie. Kichwa kikiwasha, kipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Baada ya hapo kioshwe mara moja kwa wiki, au kila wiki mbili, huku kimefunikwa kwa soksi ndefu nyepesi ili misokoto isifumuke. Povu lisuguliwe kwenye ngozi kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Sabuni ya kufulia haifai, kwani huacha utando mweupe.

Katika Rugerero yako mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni maji. Mto Sebeya hujaa tope mvua zinyeshapo, na chembe za tope zikiingia ndani ya dredi hazitoki kirahisi. Maji safi ya bomba ndiyo yafaayo. Yakikosekana, maji yaachwe yatuame na kuchujwa kwa kitambaa. La pili ni baridi. Ziwa Kivu lenyewe liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Rugerero viko juu zaidi. Nywele zikioshwa jioni hulala na maji, na dredi zinazolala na maji hufanya ukungu na kunuka. Zioshwe asubuhi, zikamuliwe kwa taulo, na zikaushwe juani mpaka ndani.

Usiku kichwa kifungwe kitambaa laini cha satini. Pamba ya mto wa kulalia hunyonya mafuta ya nywele na kuacha nyuzinyuzi.

MSOKOTO WA KUUMIZA NI HATARI

Mizizi isokotwe upya kila baada ya wiki nne hadi sita, si kila Jumamosi. Anayetoka saluni akiwa hawezi kukunja uso wala kulala kwa maumivu, hakusokotwa vizuri, amevutwa. Vipele vidogo kwenye mashina, maumivu yasiyoisha siku ya pili, na nywele kupungua pembeni mwa paji la uso ni dalili za mizizi kuchoka. Msokoto ukilegezwa mapema, nywele huota tena. Ukiendelea kwa miezi na miaka, mizizi hufa na pahala pake pakawa kovu. Hakuna mafuta yanayofufua mzizi uliokufa. Ndiyo maana mwenye nywele fupi hashauriwi kuunganishiwa dredi za bandia: uzito wote hubebwa na mizizi michanga.

Vitana na vibanio vya saluni navyo vioshwe kwa sabuni na kutiwa dawa kabla ya kichwa kingine. Mapunye huambukizwa kwa vifaa hivyo, hasa kwa watoto, na hayaponi kwa mafuta ya kupaka peke yake. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya apewe dawa ya kumeza.

MIEZI YA SUBIRA

Miezi mitatu ya kwanza, misokoto hufumuka na kusimama ovyo. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita, huvimba katikati na kuonekana kana kwamba imeharibika, kumbe ndipo inapojifunga. Kwa wengi dredi hukomaa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Vijana wengi hukata tamaa katika kipindi hicho cha katikati, kwa sababu ya kuchekwa mtaani na kukaripiwa nyumbani.

Hapo wazazi wana sehemu yao. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba msichana wa sekondari mwenye imani ya Kirasta asifukuzwe shuleni kwa sababu ya nywele zake. Nyumbani hakuna hakimu, bali yako mazungumzo. Mzazi na aulize: nywele zaoshwa? Ngozi yauma? Fedha za saluni zatoka wapi? Maswali hayo yana faida kuliko kumwita mtoto mhuni. Kijana naye aulizie kanuni za kazi anayoitafuta kabla hajaanza, maana dredi zilizokomaa kwa kawaida huondolewa kwa mkasi.

Mwenye nywele fupi basi asijione kuwa yuko nyuma. Akianza na mizizi yenye afya, akaosha na kukausha vema, na asiruhusu mtu kumvuta, baada ya mwaka atakuwa na dredi zake mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.