Hamira Ikitetemeka, Loburu Ikinguruma

Chemchemi za Loburu, kando ya Ziwa Bogoria kaskazini mwa Nakuru, husikika kabla mvuke haujakupiga usoni. Wageni huchemshia mayai humo, nayo huiva vizuri, ingawa ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kelele za mahali kama hapa ndizo malighafi ya wasanii wa sauti. Joseph Kamaru wa Nairobi, ajulikanaye kama KMRU, alijipatia jina nje ya Kenya kwa albamu yake Peel ya mwaka 2020, iliyofumwa kwa sauti alizorekodi nje ya studio.

Ila kinachonguruma Loburu ni mvuke na gesi. Vijiumbe vya ziwa lenyewe, lenye magadi ya pH inayokaribia 10, havitoi hata mnong'ono: ule mwani wa buluu-kijani unaoliwa na heroe wadogo, na bakteria wapenda joto walioshika mawe kwenye midomo ya chemchemi.

Au hatujavisikiliza kwa karibu vya kutosha? Mwaka 2004, Andrew Pelling na James Gimzewski wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliigusa seli ya hamira kwa ncha ya hadubini inayopapasa badala ya kutazama. Ukuta wa seli ulikuwa ukicheza kwa nanomita chache, takriban mara 1,000 kwa sekunde. Kasi hiyo sikio la binadamu linaimudu. Kilichopungua ni nguvu tu. Seli ilipotiwa sumu ya kuzima shughuli zake, ikatulia. Pelling na msanii Anne Niemetz wakazikuza sauti hizo wakaunda kazi ya maonyesho, The Dark Side of the Cell.

Mwaka 2015 Sandor Kasas na wenzake wa Lausanne, Uswisi, walikwenda mbali zaidi. Walibandika bakteria kwenye kijiwenzo kidogo mno: wakiwa hai kinatikisika, wakifa kinatulia. Walipendekeza mbinu hiyo itumike kusaka uhai katika sayari nyingine, kwa kuwa haijali kiumbe kimeumbwa kwa kemia gani.

Kijiwenzo hicho kingejaribiwa Bogoria kwanza. Bakteria wa Loburu akipozwa hadi joto la maabara hulala, na huenda kijiwenzo kikamhesabu maiti.