Mji Hauna Shamba



Usiku, wakati watu wengi wa Dar es Salaam wamelala, malori huingia mjini. Mengine yametoka Mbeya na Njombe, yamebeba viazi. Mengine yametoka Muheza, yamejaa machungwa. Vitunguu hutoka Mang'ola na Singida. Mananasi hutoka Kiwangwa. Mchele hutoka Kyela na Kilombero. Nazi huvuka bahari kutoka Mafia. Kabla ya jua kuchomoza, mizigo imeshushwa katika masoko ya Kariakoo, Ilala, Mabibo na Temeke. Wabeba mizigo hupita mbio na magunia mabegani, wakipiga kelele wapishwe njia. Asubuhi mama lishe ananunua, mwenye genge ananunua, mpishi wa hoteli ananunua. Jioni chakula hicho kimekwisha kuliwa. Usiku malori mengine yanaingia.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mkoa wa Dar es Salaam una watu zaidi ya milioni 5 na laki 3. Kati yao wanaolima ni wachache. Fundi cherehani wa Mtaa wa Kongo halimi. Dereva wa daladala halimi. Karani wa benki halimi. Lakini wote wanakula kila siku. Nani anawalisha? Ni wewe, mkulima.

Watu wengi hudhani kwamba mji huanza kwa majumba. Wakitaka kueleza ukubwa wa mji, huhesabu ghorofa. Sivyo. Mji huanza shambani. Huanza pale ambapo udongo, maji na njia vimekutana, na mkulima akavuna zaidi ya kile anachokula. Ndivyo miji ya kwanza ya dunia ilivyoanza, na ndivyo miji yetu ya pwani ilivyoanza.

Chakula kinachobaki

Hapo zamani sana hapakuwa na mji wowote duniani. Watu waliwinda, walivua samaki, walichimba mizizi na kuchuma matunda. Chakula kilipokwisha mahali hapa, walihama. Mtu anayehama kila mara hajengi nyumba ya mawe, wala haweki ghala.

Baadaye, katika sehemu mbalimbali za dunia, watu walianza kupanda mbegu. Nchi za Mashariki ya Kati zilianza na ngano na shayiri, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. China walipanda mpunga. Bara la Amerika ndilo lililotoa mahindi. Sisi Afrika tuna mtama. Mabaki ya kale sana ya mtama uliolimwa yamepatikana Sudani, na umri wake ni zaidi ya miaka 5,000.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuseme kaya moja inahitaji magunia 6 kwa mwaka, pamoja na mbegu. Mwaka huu imevuna magunia 9. Yamebaki magunia 3. Kama kijiji kina kaya 100 za namna hiyo, yamebaki magunia 300. Magunia 300 yanatosha kaya nyingine 50. Watu wa kaya hizo 50 wanaweza kula bila kushika jembe. Mmoja atakuwa mhunzi. Mwingine atakuwa mfinyanzi, mwingine askari, mwingine mganga, mwingine mfalme. Hapo mji umeanza.

Chakula hicho kinachobaki huitwa ziada. Bila ziada hakuna mji.

Mto na upepo

Ziada haipatikani kila mahali kwa urahisi. Ndiyo maana miji ya kwanza haikutawanyika ovyo. Ilikaa mahali maalumu.

Angalia Misri. Nchi ile karibu yote ni jangwa. Mvua ni haba kabisa. Lakini katikati unapita mto Nile. Sehemu ya maji yake hutoka katika Ziwa Viktoria, ziwa hilihili la watu wa Mwanza na Bukoba. Sehemu kubwa zaidi hutoka katika milima ya Ethiopia. Zamani, kila mwaka mvua ziliponyesha Ethiopia, mto ulifurika na kuacha tope jeusi lenye rutuba juu ya mashamba. Mkulima wa Misri hakuhitaji kununua mbolea. Mto ulimletea.

Tena mto ulikuwa barabara. Maji ya Nile huteremka kuelekea kaskazini. Upepo wa kule, mara nyingi, huvuma kuelekea kusini. Basi mashua iliyokwenda kaskazini ilichukuliwa na maji, na iliyorudi kusini ilitweka tanga. Nafaka ilisafiri pande zote mbili. Piramidi kubwa zilizojengwa kama miaka 4,500 iliyopita zinasifiwa mpaka leo. Watu huwasifu wafalme waliozikwa ndani yake. Mimi naona tuwasifu pia wakulima waliowalisha wajenzi.

Nchi ya Iraki nayo ilikuwa na mito miwili, Tigrisi na Frati. Watu walichimba mifereji na kumwagilia shayiri. Mji wa Uruk ulikuwa na watu maelfu. Na hapo, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kilizaliwa kitu ambacho wewe unakitumia sasa hivi, yaani maandishi.

Wengi hufikiri kwamba watu wa kwanza kuandika waliandika sala au hadithi. Maandishi yao ya mwanzo kabisa, waliyochora juu ya vibao vya udongo mbichi, mengi ni hesabu: shayiri kiasi gani imeingia ghalani, kondoo wangapi, vibarua wangapi wapewe posho. Chakula kilikuwa kingi mno kwa mtu mmoja kukiweka kichwani. Ikabidi kiandikwe. Makarani waliojua kuandika walikuwa wachache. Mkulima alileta shayiri yake, karani akachora alama, na mkulima hakuweza kusoma kilichochorwa. Jambo hili tutalirudia.

Miji ya pwani yetu

Labda utasema, hayo ni ya mbali. Haya, turudi nyumbani.

Kama miaka 2,000 iliyopita, wakulima wenye zana za chuma walikuwa wakienea katika nchi zetu mpaka pwani. Walilima mtama, uwele na wimbi. Hawakuwa na ugali wa mahindi. Mahindi na muhogo vililetwa kutoka Amerika baada ya Wareno kufika, miaka ya 1500 na kuendelea.

Kilwa Kisiwani ilianza kama kijiji cha wavuvi na wakulima. Karne ya 9 nyumba zake zilikuwa za miti na udongo, na watu walifua chuma. Kisiwa kina bandari nzuri iliyokingwa na mawimbi, na bara ipo karibu. Mji wa mawe ulikuja baadaye, juu ya kijiji kile.

Ni kitu gani kilichoikuza Kilwa? Ni pepo mbili unazozijua kama wewe ni mtu wa pwani. Kaskazi huvuma kati ya Novemba na Machi, na kuleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma kuanzia Aprili, na kuyarudisha. Jahazi liliweza kufika Kilwa na kurudi katika mwaka mmoja. Kwenda mbali zaidi kusini, hadi Sofala, ilikuwa vigumu kufanya hivyo katika mwaka huohuo. Dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe ilishuka Sofala, na watu wa Kilwa wakaifuata na kuileta kwao. Wageni waliikuta Kilwa. Wenyeji walitajirika, wakajenga msikiti mkubwa na jumba la Husuni Kubwa, na masultani wakatoa sarafu za shaba zenye majina yao. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu mji ule kuwa ni mzuri.

Lakini dhahabu hailiwi. Jahazi likishafika, mabaharia hukaa miezi mingi wakingojea Kusi. Wote hao wanakula. Kisiwa ni kidogo, nafaka ilibidi ivuke kutoka bara. Ibn Battuta huyohuyo alipita Mombasa katika safari ile. Aliandika kwamba watu wa kisiwa kile hawakuwa na kilimo cha nafaka, na kwamba waliletewa nafaka kutoka pwani ya bara. Wao walikula zaidi ndizi na samaki. Unaona basi? Miaka karibu 700 iliyopita, Mombasa ilikuwa kama Kariakoo ya leo: mji unaokula kazi ya mkulima wa ng'ambo.

Pemba ilikuwa tofauti. Ina mvua nyingi na mabonde yenye maji, kwa hiyo iliweza kulima mpunga wake yenyewe. Waarabu waliiita Kisiwa cha Kijani.

Mahali pengine ziada ilipatikana kwa jasho zaidi. Kule Engaruka, wilaya ya Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, nchi ni kavu. Kuanzia karne ya 15 hivi, wakulima walitega maji ya vijito vinavyotoka milimani. Walijenga mifereji na kuta za mawe, wakagawa mashamba katika vipande vingi, eneo la kilometa za mraba 20 hivi. Hawakuwa na saruji wala tingatinga. Vijiji vyao vilikaa mteremkoni, maji na mashamba vikiwa chini yake. Wakati fulani kabla ya karne ya 19 waliondoka. Mawe yapo hadi leo, lakini baadhi ya vijito vilivyolisha mashamba yale sasa ni vikavu. Udongo ukibaki bila maji, mji hauwezi kubaki.

Kariakoo na mzigo wake

Na Dar es Salaam? Kabla ya mji palikuwa na kijiji cha Mzizima, cha wavuvi na wakulima. Miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliona bandari ile. Mlango wake ni mwembamba, ndani maji ni matulivu. Akaanza kujenga. Alipofariki mwaka 1870, kazi ilizorota. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Bandari ilikuwa mlango, na reli ikawa kama mto wa kuleta mazao. Misri walipewa Nile na Mungu, sisi Nile yetu ilijengwa kwa majasho ya vibarua.

Mahali panapoitwa Kariakoo palikuwa na shamba la minazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, wakaweka hapo kambi ya wapagazi. Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Wananchi wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, si kwa risasi.

Vijijini nako hali ilikuwa mbaya. Ugogo ipo katikati ya reli. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wenye nguvu. Halafu mvua zikakosekana. Ikaja njaa kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Majeshi hayakuchukua ziada. Yalichukua akiba, mbegu na mikono ya kulimia. Hiyo ni hatari ya tangu zamani: anayekula bila kulima akiwa na nguvu kuliko anayelima, kijiji hufa kwanza.

Jengo kubwa la soko la Kariakoo lilifunguliwa mwaka 1975. Msanifu wake alikuwa Mtanzania, Beda Amuli. Julai mwaka 2021 liliungua. Wafanyabiashara wakahamishiwa kwingine, na hasara ilikuwa kubwa. Hata hivyo mji haukulala njaa, maana mashamba hayakuungua.

Gunia lako lina kilo ngapi?

Sasa turudi kwa yule karani wa Iraki. Leo mnunuzi anakuja kijijini na magunia. Gunia likijaa, halishonwi. Anaongeza juu kichwa cha viazi au vitunguu, na kukifunga kwa wavu au kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza. Mazao yauzwe kwa mizani, na gunia lisizidi kilo 100.

Tuseme lumbesa moja ina kilo 130. Wewe unalipwa bei ya gunia moja. Kilo 30 zimekwenda bure. Ukiuza lumbesa 10, zimekwenda kilo 300, yaani magunia 3 kamili. Ukumbuke ile kaya ya mwanzo iliyobakiwa na magunia 3. Ziada yake yote ya mwaka imepotea juu ya vichwa vya magunia 10, na huko Kariakoo viazi hivyohivyo vitauzwa kwa kilo au kwa fungu, hakuna atakayegawiwa bure.

Kabla lori halijaondoka, pima mzigo wako wewe mwenyewe au mbele ya macho yako. Kisha fungua daftari, uandike: tarehe, idadi ya magunia, kilo za kila gunia, bei, na jina la mnunuzi. Naye atie sahihi chini yake.