Kitambaa Kinachozipanga Molekuli

Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea huko Prague, aliipasha moto kemikali itokanayo na kolesteroli, akaona kana kwamba inayeyuka mara mbili. Penye nyuzi 145.5 za Selsiasi ilikuwa kimiminika chenye ukungu. Penye nyuzi 178.5 ukungu ule ukatoweka. Kimiminika hicho cha ukungu, ambacho si yabisi wala si kimiminika cha kawaida, huitwa fuwele-kimiminika.

Molekuli zake ni ndefu mithili ya vijiti. Hutiririka, lakini hulala sambamba kama magogo yaeleayo mtoni. Zikiachwa zenyewe, kila kundi hushika upande wake na mwanga hutawanyika. Ndiyo asili ya ule ukungu. Basi atakaye kuzitumia hana budi kuziamuru zielekee wapi, na ajabu ni kwamba kwa miaka mingi amri hiyo imetolewa kwa kitambaa.

Tuchukue kioo cha kikokotoo, kilichotokana na kazi ya Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, iliyochapishwa mwaka 1971 kutoka Basel, Uswisi. Vipande viwili vya kioo hupakwa utando mwembamba wa polima, kisha kila kimoja husuguliwa kwa mahameli kuelekea upande mmoja tu. Molekuli zinazougusa utando hulala kufuata msuguo. Vipande vikipangwa ili misuguo ikingamane kwa nyuzi 90, molekuli za katikati hujisokota hatua kwa hatua kama ngazi ya mzunguko, na mtetemo wa mwanga huzunguka pamoja nazo. Ndipo mwanga uwezapo kupenya vichujio viwili, kimoja juu na kingine chini, ambavyo kila kimoja hupitisha mtetemo wa mwelekeo wake tu. Volti chache zikitiwa, molekuli husimama, msokoto huvunjika, na tarakimu nyeusi hutokea. Mwanafunzi mwenye miwani ya jua ya polaroidi aitazame tarakimu hiyo huku akikizungusha kikokotoo: kuna pembe ambapo kioo chote hutiwa giza.

Lakini kwa nini kitambaa kitiiwe? Mwaka 1972 Dwight Berreman wa Marekani alieleza kuwa msuguo huacha mifuo midogo, na molekuli ikilala kukingama mfuo hulazimika kupindwa. Kulala ndani yake ni nafuu. Maelezo hayo yanapendeza, ila hayatoshi. Vipimo vya eksirei vilivyotangazwa mwaka 1995 vilionyesha kuwa minyororo ya polima yenyewe, hasa iliyo karibu na uso, hunyooshwa na msuguo, kama ile ya nailoni inapovutwa kuwa uzi wa kuvulia samaki. Molekuli huifuata minyororo hiyo.

Kitambaa kina ila zake: huacha vumbi na umeme tuli, adui wa vioo vyenye transista ndogo mno. Kwa hiyo tangu miaka ya 1990 imetafutwa amri isiyogusa kitu. Utando hutiwa molekuli za rangi. Zikimulikwa kwa mwanga uliochujwa, hugeuka mara kwa mara hadi zikingamane na mtetemo wake, kisha hutulia, kwani katika hali hiyo hazinyonyi tena mwanga. Zaidi ya usafi, kioo kimoja huweza kugawanywa katika visehemu vyenye mielekeo mbalimbali, na picha ya televisheni ikaonekana vema hata kwa aliyeketi pembeni.