Mjane alipopata sifuri: Funzo kutoka kwa mwanafunzi wa kompyuta

Wazazi wenye watoto wanaosomea sayansi ya kompyuta vyuoni wamekuwa wakituuliza: kijana anapokesha mbele ya kompyuta, akiandika na kufuta, anasoma au anapoteza wakati? Ijumaa ya leo tumeona ni vyema tulijibu swali hilo kwa kisa tulichokishuhudia kwa karibu.

Kijana wa jirani yetu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alichagua kuandika programu ya kugawa mirathi iwe kazi yake ya mwisho wa muhula. Kwa kuwa siku zilikuwa zimembana, alichukua sehemu kubwa ya programu hiyo kwenye intaneti, akaiunganisha na ya kwake, kisha akaijaribu kwa mfano. Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mali iliyobaki baada ya gharama za maziko, madeni na wasia ni shilingi 27,000,000.

Jibu lilitoka papo hapo: mabinti 18,000,000, baba 4,500,000, mama 4,500,000, mke 0. Jumla ilitimia barabara, wala kompyuta haikutoa onyo lolote. Mama yake, ambaye naye ni mjane, alikuwa akipita, akatupa jicho kwenye kioo na kuuliza: "Mwanangu, mke huyu amekosa nini?"

Kijana hakuwa na jibu.

Kulielewa tatizo kwanza

Ndugu wasomaji, kosa la namna hii ni baya kuliko lile linaloizima programu, kwani halipigi kelele. Njia ya mkato ilikuwepo: kumwongezea mke kiasi fulani na kumpunguzia mwingine ili mradi hesabu ikae sawa. Lakini hiyo ingekuwa kuchezea haki za watu. Kijana alifunga kompyuta, akachukua daftari na kwenda kwa sheikh anayefundisha elimu ya mirathi.

Huko alielezwa kuwa, kwa mujibu wa mafungu yaliyotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12, mke hapa ana 1/8, mabinti wawili wana 2/3, na baba na mama kila mmoja ana 1/6. Ukiyaleta kwenye 24, unapata 3, 16, 4 na 4, ambayo jumla yake ni 27. Mafungu yamezidi mali! Wanazuoni wa madhehebu manne ya Sunni hulitatua jambo hili kwa kanuni ya awl: mali hugawanywa mafungu 27 badala ya 24, kila mrithi akapungukiwa kwa uwiano wa fungu lake. Hivyo mke hupata 3,000,000, kila binti 8,000,000, baba 4,000,000 na mama 4,000,000. Wasimulizi wanaeleza kwamba Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.) aliulizwa suala hili hili akiwa juu ya mimbari, akalijibu hapo hapo.

Kulitafuta kosa na kujifunza kipya

Aliporudi nyumbani, kijana hakuifuta programu yote. Aliigawa vipande, akaiamuru ionyeshe kiasi kilichobaki baada ya kila hatua. Kosa likajitokeza: programu ilikuwa ikiwalipa warithi kwa zamu, na wa mwisho akipewa masazo. Mke alikuwa wa mwisho kwenye orodha, na mafungu ya waliomtangulia yalikuwa yamemaliza mali yote.

Hapo lilizuka tatizo la pili. Kompyuta huhifadhi namba kwa 0 na 1, na kwa mtindo wake wa kawaida wa desimali haiwezi kuihifadhi theluthi moja kikamilifu. Hata ukijumlisha 0.1 na 0.2, lugha nyingi za kompyuta hujibu 0.30000000000000004. Kijana alisoma mwongozo rasmi wa lugha ya Python, akagundua kuwa tangu mwaka 2008 ina nyenzo maalumu ya kuhesabu kwa sehemu kamili. Hakuiingiza kwenye kazi yake mara moja. Aliandika kwanza mistari michache ya majaribio, akalinganisha majibu na hesabu za daftarini, na aliporidhika ndipo akaitumia. Aidha, kila suala alilolitatua pamoja na sheikh alilihifadhi liwe jaribio la kudumu, ili kila anapobadilisha kitu programu ipimwe upya.

Si jambo geni kwetu

Kwa hakika, elimu hizi mbili zina udugu wa zamani. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun (813-833), ndiye aliyeandika kitabu mashuhuri cha al-jabr, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu hesabu za mirathi. Jina lake, kwa matamshi ya Kilatini, ndilo lililozaa neno algorithimu, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua ambao kila programu huufuata.

Wazazi wenzetu, leo zipo programu za akili bandia zinazoweza kumwandikia mwanafunzi kazi nzima kwa dakika chache. Kuzitumia si kosa, ila jibu lililopatikana upesi lahitaji kupimwa zaidi. Basi tusiwaulize watoto wetu, "Umemaliza?" Tuwaulize, "Umejuaje kuwa ni sahihi?" Mama yule hajui kuandika hata mstari mmoja wa programu, lakini swali lake ndilo lililoirejesha haki ya mjane.

Kijana alikabidhi kazi yake ikiwa na maelezo kwenye ukurasa wa mwanzo: programu hii husaidia hesabu tu, hukumu iulizwe kwa wenye elimu. Tunamuomba Allah (S.W.) awazidishie vijana wetu elimu yenye manufaa, pamoja na uaminifu wa kuitumia. Amin.