Mkanda ufungwe wapi? Safari ya jiwe la Kisii hadi ng'ambo

Jiwe la Tabaka, huko Kisii nchini Kenya, huchongeka kwa kisu. Hiyo ndiyo sifa iliyolipa jina, na ndiyo inayoliponza likishaondoka Kisii. Huchimbwa kwa mikono katika vilima vya South Mugirango, jeupe, la waridi, la kijivu au lenye michirizi, likachongwa, kisha likasuguliwa kwa msasa na maji, kazi inayofanywa zaidi na wanawake, hadi ling'ae. Elkana Ong'esa alilifikisha Paris, ambako Ndege wa Amani wake yuko makao makuu ya UNESCO. Nyuma ya sanamu moja kubwa kama hiyo kuna bakuli, viboko, twiga na seti za chesi zisizohesabika zinazosafiri kimyakimya ndani ya makasha. Baadhi hufika shingo mbali, kiwiliwili mbali.

Zikivunjika, lawama humwangukia kuli. Si haki. Kasha lililofungwa vizuri linapaswa kuhimili mikono ya makuli, barabara ya takriban kilomita 800 hadi Mombasa, na bahari. Kanuni ya kupakia kontena iliyotolewa mwaka 2014 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya bahari, kazi na uchumi wa Ulaya inamtaka mpakiaji akadirie kwamba lori likifunga breki ghafla, mzigo utasukumwa mbele kwa nguvu inayofikia asilimia 80 ya uzito wake. Baharini, kwenye maji mabaya, nguvu kama hiyo huja kutoka ubavuni, na hurudi kila meli inapolala upande. Kasha la kilo 500 basi linasukumwa kana kwamba kilo 400 zimeliegemea, mara huku, mara kule, kwa wiki kadhaa. Na jiwe ni zito: kipande cha sentimita 20 kila upande hukaribia kilo 22.

Hapo ndipo mkanda unapohitajika, na hapo ndipo unapoeleweka vibaya. Wengi hudhani kazi yake ni kulinda kilicho ndani. Hapana. Mkanda hushikamanisha kasha ili lisifumuke, mfuniko usiinuke na kasha lisiteleze juu ya paleti. Kinyago hulindwa na kilichokizunguka pamoja na fremu ya mbao. Ukiuachia mkanda kazi isiyo yake, wenyewe ndio utakaovunja mali.

Mikanda hii ina aina tatu. Wa bei nafuu ni wa polipropilini, ule mwepesi tunaouona kwenye maboksi ya karatasi madukani. Ukikaa umekazwa siku nyingi, hasa kwenye joto, hulegea wenyewe bila kukatika, na mtu anayeutazama kwa mbali haoni tofauti. Wa chuma una nguvu nyingi lakini hauvutiki. Mzigo ukishuka milimita chache tu, mkanda huo hubaki umening'inia, haubani kitu. Wa poliesta huvutika kidogo unapokazwa, na mzigo ukinywea nao hujirudi na kuufuata. Kwa kasha la mawe ya kuchonga mimi ningechagua poliesta bila kusita, kwa sababu kasha la namna hiyo lazima litanywea. Maranda yanayojazwa ndani hushuka kwa mtikisiko wa barabara. Mbao mbichi hukauka na kusinyaa.

Kuhusu mbao kuna jambo linalowapotosha wauzaji wengi. Kanuni ya kimataifa ya ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002, inataka mbao za makasha na paleti zipashwe joto hadi kiini chake kifikie nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, au zitibiwe kwa njia nyingine inayokubalika, kisha zipigwe muhuri wenye suke la ngano. Nchini Kenya msimamizi wa jambo hilo ni KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Muhuri huo unathibitisha kwamba wadudu wameuawa. Hauthibitishi kwamba mbao zimekauka. Kasha linaweza kuwa na muhuri halali na bado likasinyaa njiani hadi mikanda ikacheza.

Tuje kwenye mikono. Vifaa ni vichache: mkanda, kifaa cha kukaza, klipu za chuma, koleo la kubana klipu, na mkasi wa kukatia. Anayekifahamu kifaa cha kukaza hatumii nguvu zake zote. Hutazama pembe. Mkanda unapoanza kuuma kinga iliyowekwa kwenye pembe, anasimama. Boksi la karatasi likianza kupinda kwenye kona, ameshapitiliza, na nguvu ile haikuishia kwenye karatasi. Imeingia ndani hadi kwenye sikio la tembo wa jiwe.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kupitisha mkanda katikati ya ubao mwembamba, pasipo na kitu chini yake. Ubao hupinda kuelekea ndani, hugusa bidhaa, na kuanzia hapo kila tuta la barabarani hupiga jiwe moja kwa moja. Mkanda upite juu ya nguzo na vipande vya fremu, ili mkazo ushuke kwenye mbao hadi kwenye paleti bila kugusa kilichomo. Kila pembe mkanda unapokunjika iwekewe kinga ya plastiki au kadibodi ngumu. Kinga hiyo hutawanya mkazo, na pia huuwezesha mkanda kuteleza pembeni wakati wa kukazwa, hivyo pande zote zikabana sawasawa. Bila kinga, upande wa juu huwa umekaza huku wa chini ukiwa legevu, na fundi anaondoka akiamini kazi imekwisha.

Ndani ya kasha, jiwe lisigusane na jiwe. Sehemu nyembamba kama shingo, mikono na pembe zijazwe kwanza kwa karatasi laini, ndipo kitu kizima kivingirishwe. Vizito vikae chini. Maranda yashindiliwe hadi mfuniko ufungwe kwa kuyakandamiza kidogo. Majani makavu ya migomba na nyasi, ingawa ni tele Kisii, yaachwe. Australia, kwa mfano, hairuhusu nyasi kavu kujazia makasha. Kabla ya mkanda wa kwanza, litikise kasha na kusikiliza. Likitoa sauti, lifungue.

Umuhimu wa haya umeongezeka. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalifanya kampuni nyingi za meli zizunguke Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Suez. Mzigo wa Ulaya ukaongezewa siku nyingi baharini, tena kwenye maji yenye mawimbi makali. Mkanda wa bei nafuu uliovumilia njia fupi hauna uhakika wa kufika mwisho wa njia ndefu ukiwa bado umebana.

Wapo wanaojifariji kwamba wana bima. Wasome masharti. Yale yanayotumika sana duniani kwa shehena, yaliyoandikwa London na kurekebishwa mwaka 2009, hata katika daraja A lenye kinga pana kuliko yote, hayalipi hasara iliyosababishwa na ufungashaji usiotosha kuhimili matukio ya kawaida ya safari. Kwa hiyo kinyago kikivunjika kwa sababu mkanda ulipita pasipo na fremu, mwenye mali anaweza kubaki na hasara yake, na mara nyingi hasara hiyo humrudia mchongaji, aliye mbali kabisa na bandari.

Neno kwa wanaopokea makasha pia. Mkanda wa chuma uliokazwa ukikatwa huruka kama mjeledi. Vaa glavu na miwani, simama kando, ukate kwa mkasi wake, usiubandue kwa nyundo wala panga. Na kasha lisiinuliwe kwa kushika mkanda. Haukutengenezwa kuwa mpini.

Vikundi vya wachongaji vya Tabaka haviwezi kila kimoja kununua vifaa hivi na kumfundisha mtu wake. Vinaweza kushirikiana. Serikali ya kaunti na vyama vya ushirika viweke seti moja nzuri ya vifaa, poliesta ya kutosha na fundi aliyefunzwa, karibu na mahali jiwe linapochongwa. Na wanunuzi wa ng'ambo, wanaojadili bei ya kila bakuli hadi senti ya mwisho, waiandike gharama ya kufungasha kwenye mstari wake katika ankara na kuilipa, badala ya kumwachia mchongaji aikate kwenye ujira wake.