Unaishi na baipola? Anza kuhesabu saa za usingizi

Wapo watu wengi wanaoishi na ugonjwa wa baipola ambao wanafundisha darasani, wanaendesha biashara, wanalea watoto, na jirani hajui lolote. Kama wewe ni mmoja wao, au una ndugu mwenye hali hiyo, makala ya leo inakuhusu. Tutazungumzia jambo moja: jinsi ya kufuatilia hisia zako mwenyewe siku hadi siku, ili ugonjwa usikuvamie ghafla.

Kwanza tukumbushane. Baipola ni ugonjwa wa akili unaompitisha mtu katika vipindi viwili vinavyopingana. Kuna kipindi cha kupanda, ambapo nguvu zinazidi, mawazo yanakimbia, maneno hayakamatiki, na wengine huwa na hasira kuliko furaha. Kikifikia ukali wake, kipindi hiki hudumu wiki moja au zaidi. Kuna pia kipindi cha kushuka, yaani sonona, kinachodumu wiki mbili au zaidi. Katikati ya vipindi hivyo mtu anaweza kukaa miezi, hata miaka, akiwa mzima.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na baipola. Hawa hawajalogwa, hawana mapepo na wala si watu wenye tabia mbaya. Ni wagonjwa kama wa kisukari au shinikizo la damu, na kama hao, wana tiba.

Ugonjwa unaojificha

Ukishikwa na malaria, mwili wenyewe unakuambia. Homa inapanda, kichwa kinagonga, unakwenda kupima. Baipola ikianza kupanda, inakuambia umepona. Unajiona hujawahi kuwa na akili kali kama leo. Dawa unaziona hazina kazi tena, na anayekushauri upumzike unamwona ana wivu.

Ukija kushuka ndipo unakuta akiba imeisha, mikopo ya kwenye simu imerundikana, bosi ameandika barua na mwenzako amefunga mizigo. Ndiyo maana kazi ya kufuatilia hisia huanza ukiwa mzima. Ukishafika juu, uwezo wa kujipima unakuwa umekwenda na maji.

Kwamba kazi hii ina faida limewahi kupimwa. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa watu 69 wenye baipola. Kundi moja lilifundishwa kutambua dalili za mwanzo na kukimbilia tiba mapema. Kundi jingine liliendelea na huduma ya kawaida. Katika kundi la kawaida, robo ya watu walikuwa wamerudi kwenye kipindi cha kupanda ndani ya wiki 17. Kwa waliofundishwa, ilichukua wiki 65 kufikia robo hiyo. Hata hivyo, mafunzo hayo hayakuonyesha msaada wa namna hiyo kwa upande wa sonona. Kwa hiyo daftari ni msaidizi wa dawa na daktari, haliwezi kushika nafasi yao.

Uandike nini?

Chukua daftari la kawaida la shule, au tumia simu. Kila siku kwa wakati uleule, andika mambo manne: saa uliyolala na saa uliyoamka, hisia zako, nguvu zako, na kama umekunywa dawa. Hisia na nguvu zipe alama kuanzia 0 hadi 10, ambapo 5 ni siku yako ya kawaida. Mwanamke aongeze alama ya siku za hedhi, kwa kuwa wapo ambao hisia zao hubadilika kuzifuata.

Tuchukue mfano:

Jumatatu: nimelala saa 4 usiku, nimeamka saa 11 alfajiri. Hisia 5, nguvu 5. Dawa nimekunywa.

Jumatano: nimelala saa 6 usiku, nimeamka saa 10 alfajiri. Hisia 7, nguvu 7. Dawa nimekunywa. Sijachoka.

Alhamisi: nimelala saa 8 usiku, nimeamka saa 11 alfajiri. Hisia 8, nguvu 9. Dawa nimesahau. Nimepata wazo la biashara.

Soma usingizi hapo. Umetoka saa saba hadi nne, kisha tatu, na mwenye daftari anasema hajachoka. Mtu aliyekeshwa na mtoto mgonjwa hulala saa tatu na kesho yake anasinzia kwenye daladala. Anayelala saa tatu na kuamka akiwa na nguvu kuliko jana anapewa onyo.

Kwa nini hisia na nguvu zitenganishwe? Kwa sababu wakati mwingine nguvu hupanda huku hisia zikiwa chini kabisa. Mtu ana huzuni nzito lakini hatulii, halali, anazunguka. Hali hii ya mchanganyiko ni ya hatari, maana mawazo ya kujiua huweza kukutana na nguvu ya kuyatekeleza. Ukiona nguvu 8 na hisia 2, usisubiri tarehe ya kliniki.

Zijue dalili zako

Kila mtu ana mlango ambao ugonjwa huingilia. Mmoja huanza kuwapigia simu watu usiku wa manane. Mwingine hugawa vitu au huanza kugombana na kila kondakta. Kwa upande wa kushuka, mmoja huacha kuoga, mwingine huacha kupokea simu au kwenda ibadani. Kumbuka mara mbili au tatu zilizopita, andika dalili tano zilizotangulia, na ubandike orodha hiyo ndani ya jalada la daftari.

Andika pia vichochezi. Mikesha ya harusi, msiba, maombi au zamu za usiku huvuruga usingizi. Pombe, mirungi na bangi nazo ni vichochezi.

Tafuta mtu wa pili

Chagua mtu mmoja unayemwamini, awe mke, mume, dada au rafiki. Mwonyeshe orodha yako na mpeane ruhusa mapema, ukiwa mzima: "Ukiona haya, niambie, na mimi nitakubali twende hospitali." Mnaweza kukubaliana pia kwamba wakati huo hutakopa, hutauza kiwanja wala hutaacha kazi kabla ya wiki mbili kupita.

Kwako wewe ndugu, zungumza kwa upole. Mtu huyu ana haki ya kufurahi kama wengine. Si kila kicheko ni ugonjwa, na ukimuuliza "umekunywa dawa?" kila anapocheka, atakuficha daftari. Angalia mabadiliko ya siku mbili, tatu mfululizo, hasa ya usingizi.

Ukiona onyo

Usiku mbili mfululizo za usingizi mfupi bila uchovu zinatosha kuwasiliana na mhudumu wako wa afya. Usiongeze wala kupunguza dawa mwenyewe, na usinunue dawa za sonona bila ushauri, kwani zikitumika peke yake zinaweza kumpandisha mwenye baipola.

Kama unatumia lithiamu, vipimo vya damu ni vya lazima. Kuharisha, kutapika au kupungukiwa maji huweza kuifanya izidi mwilini. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo huweza kuipandisha, hivyo mwambie muuza dawa kabla hajakupa. Ukianza kutetemeka sana, kuyumba au ulimi kuwa mzito, nenda hospitali haraka. Mwislamu anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu maji, usingizi na saa za dawa vyote hubadilika. Mwanamke anayetumia valproeti aongee na daktari kabla ya kushika mimba, kwani dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mawazo ya kujiua, kusikia sauti zisizokuwepo, au kukesha kabisa kwa siku kadhaa ni dharura. Mgonjwa asiachwe peke yake, dawa na sumu za shambani ziwekwe mbali, na apelekwe hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo.

Siku ya kliniki, beba daftari. Daktari ana dakika chache na wewe, na swali lake la "umeendeleaje?" ni gumu kujibu kwa kumbukumbu ya miezi miwili. Mfungulie ukurasa aone mwenyewe.

Leo usiku, kabla ya kulala, tazama saa na uandike mstari wa kwanza.