Mwache Acheze, Ila Siyo na Laptopu ya Kazi

Nani ana haki ya kubadili mfumo endeshi wa laptopu ya nyumbani? Usicheke. Swali hilo linaleta ugomvi, hasa pale nyumba ina laptopu moja na mmoja wenu mikono inamuwasha kila akiona kompyuta.

Dada yangu anafundisha Saza, kule Songwe. Laptopu yao ni ya zamani, Windows 11 haiikubali, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifika kikomo tarehe 14 Oktoba 2025. Shemeji kachangamka: anataka kuweka Haiku. Dada akanipigia, "Hivi nimruhusu?"

Jamani, tusemezane ukweli. Haiku ni kazi ya wapenzi wa kompyuta walioanza mwaka 2001 kuufufua mfumo wa BeOS. Ni nyepesi, inawaka upesi hata kwenye mashine iliyochoka. Lakini beta ya 5, iliyotoka Septemba 2024, ilikuwa bado ya majaribio. ReactOS nayo, inayolenga kuendesha programu za Windows, watengenezaji wake wenyewe wameiita alfa, yaani bado changa kwa kazi za kila siku.

Linux ni habari nyingine. Imekomaa, na programu huria si ngeni kwetu: Desemba 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Basi fanyeni mtihani pamoja. Haiku na Ubuntu zote zinaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Printa inachapa? Wi-Fi inashika? Faili la matokeo ya wanafunzi linafunguka bila majedwali kuvurugika? Saza si Kariakoo, ukakimbilia fundi wa mlango wa pili. Printa ikigoma siku ya kukabidhi ripoti, anayeumbuka ni mwalimu, siyo aliyebadili mfumo.

Msimamo wangu: mwenye kazi ndiye mwenye kura ya mwisho. Linux ikifaulu, iwekeni, mkishanakili faili zote kwenye diski ya nje. Haiku ibaki kwenye flashi, iwe burudani ya jioni. Na wewe unayeona mambo haya ni kero, siku moja kaa pembeni yake akuonyeshe. Mchezo wa mwenzio ukiujua, haukutishi tena.